Ngezi, Pemba: matembezi mazuri, ila njia fupi haitoshi kwa mpenda miti

Wengi wanaoshuka mjini Konde na kukodi bodaboda hadi lango la msitu wa Ngezi wanamfuata popo wa Pemba au bundi mdogo wa hapa, au wanapita tu wakielekea ufukwe wa Vumawimbi. Njia fupi inamalizika kwa kama saa moja, na kwa shughuli hizo inatosha. Anayetaka kuujua msitu kwa miti yake, saa hiyo haimfikishi mbali. Mwambie mwongozaji mapema, kabla hamjaingia, kwamba unataka matembezi ya muda wa saa tatu yenye vituo vya kusimama.

Tabaka la juu ni kazi nyepesi. Mgulele ana gome la kijivujivu, mizizi mipana inayopanda ubavuni mwa shina, na utomvu mweupe (usimkate ili kuuona, jani moja lililoanguka karibuni linatosha). Mvule naye ana utomvu mweupe. Msufi mwitu hupukutisha majani wakati wa ukame, kwa hiyo darubini hufaa zaidi msimu huo kuliko katikati ya masika, ambapo kila tawi limejaa na njia ni tope.

Utata unaanza chini. Miche ya mvule na mgulele ina majani yenye meno pembezoni, na meno hayo hupotea mti ukikomaa. Ukija na picha ya jani la mti mzima utapita juu ya watoto wake usiwajue. Ndiyo maana tunashauri mbinu ya kituo: chagueni kipande cha mita 10 kwa 10, mhesabu miti ambayo shina lake, likipimwa usawa wa kifua, linazidi unene wa kiwiko cha mkono, kisha muulize jina la kila mmoja na jina la mti uliomfunika. Majina ya juu na ya chini mara nyingi hayalingani.

Tabaka la kati ndilo linaloeleza msitu unakoelekea. Mvule hupenda mwanga. Chini ya dari la majani lililofungana, mche wake huchipua lakini hauinuki. Mti mkubwa ukianguka, nafasi hugombewa, na hapo hutokea msizi, mgeni aliyeletwa kisiwani. Hukua haraka, ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye uwazi wa namna hiyo hata kama hauko njiani. Bila hapo ziara imekosa nusu ya maana.

Usimpite mpapindi, mnazi-pori wa vishina vyembamba vyenye pingili, ambaye asili yake ni Pemba peke yake. Penye maji utakuta mtomondo. Ukifika kwenye mchanga mweupe uliochujwa rutuba, miti mirefu hukoma ghafla na vichaka vya jamii ya erika (vifupi, vya majani madogo membamba) vinashika nafasi. Mvua ni ileile. Kilichobadilika ni udongo.

Kwa mtalii wa haraka: nzuri. Kwa mwanafunzi wa misitu au mwalimu mwenye darasa: bora kuliko vitabu, iwapo kundi halizidi watu sita, maana njia ni nyembamba na wa nyuma hawasikii majina. Beba daftari, futi ya kupimia na maji. Kandambili ziache Konde.