Nusu mwaka na Yjs: uzoefu wangu wa programu ya kazi ya pamoja kwenye simu

Natengeneza programu ya simu ya wakaguzi wa mitambo. Fomu ni moja, watu ni kumi na wawili, na mara nyingi wako chini ya ardhi ambako mtandao haufiki. Huduma tuliyolipia mwanzoni haikuhifadhi neno mpaka seva ijibu. Mtu alinipigia akiwa amepoteza kazi ya asubuhi nzima. Siku hiyohiyo niliamua tuhame.

Tukahamia Yjs, maktaba huria ya msimbo wa JavaScript inayofuata mbinu ya CRDT (data yenye nakala nyingi zinazoweza kuunganishwa bila mgongano), ile iliyoelezwa rasmi mwaka 2011 na Marc Shapiro na wenzake. Kila simu hukaa na nakala yake kamili. Nakala zikikutana huungana zenyewe, hata mabadiliko yakifika bila mpangilio. Kwa maelezo marefu nimeridhika sana: wawili wakiandika kuhusu pampu ileile bila mtandao, maneno ya wote hubaki.

Penye jibu moja tu ndipo pa kuangalia. Mmoja akijaza "salama" na mwenzake "mbovu" kwa wakati mmoja, Y.Map, sehemu ya Yjs inayotunza thamani moja kwa kila jina la swali, hubakiza jibu moja, lilelile kwenye simu zote, wala hakuna anayejulishwa kwamba mwenzake aliona vingine. Kihesabu ni sahihi. Kwa fundi atakayeifungua pampu hiyo kesho, ni hatari. Kwa hiyo sasa kila mkaguzi ana nafasi yake ya jibu, na majibu yakipingana skrini huonyesha yote mawili na majina yao, waamue wenyewe. Anayeanza leo namsihi aanzie hapo. Mimi nilichelewa miezi miwili.

Kuonyesha nani yupo nako kulihitaji kufikiriwa upya. Simu ikiingia mfukoni, programu husimamishwa, na zikipita sekunde 30 bila dalili yoyote jina la mtu hutoweka. Wenzake wakadhani ameacha kazi. Tumeondoa alama ya yupo au hayupo, tukaweka "alionekana dakika 4 zilizopita, kwenye vali ya pili". Simu za kuulizana "uko wapi?" zimepungua mno.

Betri haijanipa shida.

Wiki iliyopita majibu ya wakaguzi wawili yaligongana kwenye vali moja. Walisoma skrini, wakatazamana, wakashuka tena pamoja kuiangalia.