Uzoefu wangu: Telegram kwa mijadala ya sayansi ambayo watu huicheka

Kwa muda mrefu sasa naendesha kundi la Telegram la watu wanaopenda kuhoji sayansi: walimu wa fizikia, mafundi redio, wanafunzi wa chuo, na wastaafu wachache ambao hawakubali jambo mpaka walione kwa macho. Mawazo tunayojadili ni yale ambayo ukiyaleta kwenye kikao cha kawaida watu hucheka kwanza. Jenereta inayojiendesha bila mafuta. Maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi. Naandika kwa ajili ya anayetaka kuanzisha kundi la namna hii, kwa sababu nimeona mpangilio ndio unaoamua kama mtajifunza au mtatukanana.

Tulianzia kwenye programu nyingine ambako kila kitu kilipita mkondo mmoja. Mtu anauliza kuhusu sumaku, kabla hajajibiwa inaingia taarifa ya msiba, zinafuata salamu za Ijumaa, mwingine anarusha video ya sahani zinazoruka. Swali limezama, na mwenye kelele nyingi ndiye anayeonekana ameshinda.

Kilichotuhamisha ni mada, ambazo Telegram ilizileta kwenye makundi mwishoni mwa 2022. Ndani ya kundi moja unafungua vyumba, kila kimoja na jina lake na ujumbe wake uliobandikwa juu, na mwanakundi ananyamazisha chumba asichokitaka bila kukosa vingine. Kwetu anayeleta wazo hufunguliwa chumba chake, na ujumbe wa juu lazima useme mambo matatu: anadai nini, kipimo gani kitaonyesha, na matokeo gani yatamfanya aliache wazo lake. Hilo la tatu ndilo linalowatoa watu jasho. Bila hilo admini anamrudishia, hata awe mzee wa heshima kiasi gani.

Fundi mmoja alikuja na mota iliyofungwa mkanda kwenye alteneta ya gari: alteneta inachaji betri, betri inazungusha mota, mzunguko hauishi. Wasomi wangeweza kumfungia mlango kwa sentensi moja. Akademia ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea mashine za aina hiyo tangu 1775. Lakini juu ya chumba chake aliandika mwenyewe kwamba volti za betri zikipungua, ameshindwa. Basi akawa anatuma picha ya mita kila baada ya muda, na sote tukaziona namba zikishuka. Yeye ndiye aliyeomba mada ifungwe. Kabla hatujaifunga akauliza nishati inapotelea wapi, na hapo ndipo walimu walipofanya kazi nzuri kuliko siku zote: mkanda unaopata joto, beringi, koili, hata ile sauti ya mngurumo. Mada iliyofungwa haiandikiki tena ila inasomeka, kwa hiyo anayekuja na mashine ileile tunampa kiungo, hatumpi kejeli.

Chumba chenye uhai kuliko vyote ni cha Mpemba, yaani kile cha maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu pale shule ya sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka, Osborne akaenda kupimisha. Makala yao ilitoka 1969.

Hata hivyo, ndani ya chumba hicho jina la Mpemba halimpi mtu ushindi wa bure. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao: hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwenye maji, na walionyesha kuwa kipimajoto kikisogea sentimita 1 tu juu au chini, jibu linaweza kugeuka. Tulipolibandika hilo, wengine walikasirika kana kwamba tumemtukana babu yao. Hapo kilitusaidia kile kizuizi cha kasi, kinachomzuia mtu kutuma ujumbe wa pili mpaka muda uliopangwa upite. Tuliweka dakika 15. Hasira zilipungua, watu wakaingia jikoni kupima.

Mwanakundi mmoja aliona kikombe cha moto kikishinda kila mara. Picha zake zikaonyesha vikombe vimekaa juu ya barafu iliyoota ndani ya friza: cha moto kiliiyeyusha na kugusa chuma chenyewe, cha baridi kikabaki juu ya barafu kama juu ya godoro. Alipoweka kipande cha ubao chini ya vyote viwili, ushindi ukatoweka. Swali ambalo bado linatugawa ni lini tuseme maji yameganda: yakifika nyuzi 0, barafu ya kwanza ikitokea, au yote yakiwa magumu? Tumeligawa katika mada tatu. Kura za Telegram tunazitumia kuchagua kipimo kipi kitangulie. Kuhusu lipi ni kweli hatupigi kura.

Kuhusu gharama, video za majaribio hula bando, kwa hiyo tunaomba picha na jedwali lililoandikwa kwa mkono. Tena usiweke kila kitu sehemu moja. Novemba 2024 Telegram ilizuiwa Kenya wakati wa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ili kukomesha udanganyifu, na wenzetu wa huko walitegemea muhtasari tunaoutuma kwa barua pepe.

Mawazo ya tiba hatuyapokei kabisa. Betri ikifa tunanunua nyingine; mgonjwa akiacha dawa zake kwa sababu ya ujumbe wetu hatuna la kumrudishia. Mengine yote karibuni, na anayeanza leo afungue vyumba viwili tu: kimoja cha wazo la kwanza, kingine cha salamu na misiba, maana watu lazima wasalimiane.