Kiti cha gari kinachogeuka kigari: miezi sita nacho hapa Mombasa

Siku niliyoapa kutafuta kitu kingine ilikuwa ya mvua, mwezi wa Mei, pale Mwembe Tayari. Nimeshuka kwenye teksi, binti yangu wa miezi mitano begani, kakake wa miaka minne ananing'ang'ania buibui, begi la nepi linanivuta shingo, na kigari cha kukunja kimekataa kukunjuka. Nilikitikisa, nikakipiga teke, nikakitukana kimoyomoyo. Mwishowe muuza kahawa aliweka birika lake chini akaja kukifungua kwa mkono mmoja, jambo lililoniuma kuliko mvua.

Shemeji yangu anayefanya kazi Dubai alikisikia kisa hicho kwenye simu akacheka mpaka akakohoa. Alipokuja likizo mwezi uliofuata akaniletea hiki ninachokieleza leo. Kwa asiyekijua: ni kiti cha gari cha mtoto mchanga, kile ambacho mtoto hutazama nyuma, ila chini ya tumbo lake kimeficha magurudumu manne. Ukikitoa garini unabonyeza, miguu inashuka, unasukuma. Ukifika kwenye gari jingine unabonyeza tena, miguu inaingia tumboni kama ya kobe, unakipandisha kitini na kukifunga kwa mkanda. Mtoto hata haamki. Siku hizi viko vya kampuni zaidi ya moja, na sitaitaja niliyonayo maana mengi nitakayosema yanahusu mtindo wenyewe. Changu kina kilo 7 na ushee bila mtoto, mwisho wake ni mtoto wa kilo 13, na kule kilinunuliwa zaidi ya dirham 2,000. Piga hesabu, ni kama shilingi 70,000 za kwetu. Nisiseme uongo, wiki ya kwanza nilikuwa najionyesha tu.

Nianze na teksi, kwa sababu hapo ndipo kilipolipa bei yake. Wengi wetu hatuna gari letu la kila siku. Unaita gari kwa simu, linakuja, leo dogo kesho kubwa. Kiti hiki hufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari bila kifaa kingine: mkanda wa kiunoni unapita kwenye kulabu mbili za ubavuni, ule wa begani unazungushwa nyuma ya mgongo wa kiti. Mara ya kwanza nilitumia dakika kumi na mbili, kijitabu cha maelezo mdomoni, dereva ameegemea mlango anatafuna jojo na kuangalia saa. Sasa sifikishi dakika moja. Kuna siku moja tu mkanda wa gari ulikuwa mfupi, haukuzunguka ukafika. Nilimwomba dereva radhi nikaita gari jingine.

Madereva wana huruma, lakini huruma nyingine ni ya kukataa. "Mama, muweke hapa mbele na mimi, utakuwa unamuona vizuri." Nimeambiwa hivyo si chini ya mara nne. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi, kwa sababu ule mfuko ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na nyuma ya mgongo huo ndipo kilipo kichwa cha mtoto. Mzee mmoja wa Tudor nilipomweleza alinyamaza hadi Saba Saba, kisha akasema, "Basi mjukuu wangu nimembeba vibaya mwaka mzima." Na akaniuliza kwa nini mtoto atazame nyuma kama aliyekasirika. Nikamwambia kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Gari likigonga, anayetazama mbele kichwa humtangulia, lakini huyu anapokewa na kiti mgongo mzima pamoja na kichwa.

Nyumbani tuna Toyota Fielder ya zamani iliyotoka Japani, ya mume wangu. Kiti kilikuja na kitako chake cha kubaki garini, kinachoshika kwenye vyuma vya ISOFIX, yaani pete za chuma zilizofungwa kwenye gari lenyewe ili kushika kiti cha mtoto. Mume wangu akashikilia kwamba gari lake halina vyuma hivyo. Nikaingiza vidole kwenye ufa kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Ilitoka sarafu ya shilingi ishirini, kalamu, nusu ya kaimati iliyokauka kuwa jiwe, halafu vidole vikagusa chuma baridi, pete mbili pana kama kidole changu cha shahada. Nikamwita aje ashike mwenyewe. Mwenye gari la Japani na apapase kwanza kabla ya kusema hana.

Safari kubwa ilikuwa ya Agosti, harusi ya binamu yangu Nairobi. Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwingineko, tiketi shilingi 1,500 ya kawaida, na watoto chini ya miaka mitatu hawalipi wakipakatwa. Kutoka nyumbani hadi stesheni ya Miritini kiti kilikuwa cha gari. Kutoka mlangoni hadi kwenye ukaguzi kikawa kigari. Mpaka hapo nilikuwa natembea kama bibi harusi mwenyewe.

Waliosafiri wanajua kuna pale mizigo inapopangwa mstari na watu wanasimama kando, mbwa apite anuse. Afisa akaniambia kwa upole, "Mama, mtoe mtoto, kiti kikae mstarini." Nikamtoa. Mbwa akaja, akaruka masanduku matatu, akafika kwenye kiti changu, akaingiza pua yote ndani ya kofia ya kivuli. Pua mbichi. Niliona alama ya umajimaji kwenye kitambaa cha kijivu, kubwa kama shilingi kumi. Mbwa kafanya kazi yake, hana kosa. Lakini sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi mnajua kinachofuata: umajimaji wa mbwa ni najisi, huoshwa kwa maji mara saba, moja kwa udongo. Safari nzima kofia niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na ndipo nilipojifunza habari ya kufua kiti hiki. Kofia hutoka kwa vifungo vya kubonyeza, rahisi. Kitambaa cha kukalia nacho hutoka, ila kukirudisha ni kazi ya mchana mzima, kuna ndoano ndogo zilizojificha ambazo zinavunja kucha. Mikanda yenyewe hairowekwi wala haipigwi sabuni kali, inapanguswa tu kwa kitambaa chenye maji. Namshukuru Mungu pua iliishia kwenye kofia.

Ndani ya behewa kiti kilikuwa mzigo. Viti vya treni havina mikanda ya kukifungia, na njia ya katikati ni nyembamba, upande mmoja watu watatu, upande wa pili wawili. Nilikikunja tukakibana karibu na mlango wa behewa, mtoto nikampakata. Hata hivyo nisingemuacha humo njia nzima. Mtoto mdogo hakai kwenye kiti cha namna hii zaidi ya saa mbili mfululizo, kwa sababu amekaa nusu amekunjwa, na kidevu kikiangukia kifua pumzi inabanwa. Watu wananunua kigari hiki wakidhani wamenunua na kitanda. Mtoto akilala ukafika nyumbani, mhamishe umlaze chali mahali bapa, hata kama atalia. Najua utamu wa kumwacha. Mimi pia nimewahi kusimama mlangoni namtazama kalala, nikajipa dakika tano zikawa ishirini.

Nairobi kulikuwa na baridi ile ya Agosti, dada yangu akatulaki na sweta nene la sufu. Tukabishana nje ya stesheni. Sweta likikaa chini ya mikanda unadhani umekaza kumbe umekaza sufu, na gari likigonga sufu inabonyea mtoto achomoke. Unamfunga kwanza na nguo nyepesi, ukivuta mkanda begani vidole visiweze kuufinya ukajikunja, halafu ndiyo unamfunika shuka juu. Dada akasema nimekuwa mwalimu. Nikamwambia shemeji yako alilipa elfu sabini, lazima nisome kijitabu.

Sasa turudi kwetu, kwenye joto. Kiti hiki kimeshonwa na watu wa nchi za baridi. Kina kina, kina sponji, kinamkumbatia mtoto, na tangu Novemba ilipoingia na kaskazi kuanza kuvuma, kila nikimtoa binti yangu mgongo wake umelowa kama aliyeogeshwa. Nimepunguza sponji ya watoto wachanga (hiyo inaruhusiwa kutolewa mtoto akikua), namvisha vesti tu, na nikitoka mchana napita upande wa kivuli hata kama ni kuzunguka. Lile ambalo nimegombana nalo na kila bibi wa mtaa ni leso. Ukisimama tu na kigari juani, anatokea mtu mzima mwenye mapenzi yake anafunika kofia yote kwa leso, mbele mpaka miguuni, "jua lisimchome mwanangu." Ndani panageuka tanuri, hewa haizunguki, na wewe humuoni. Naitoa kwa adabu: "Ahsante bibi, shikamoo, wacha apate upepo." Pia kagua vifungo vya chuma ikiwa gari limeegeshwa juani. Siku moja pale Lighthouse tulikula mihogo tukarudi garini, nikagusa kifungo cha mkanda nikaruka. Fikiria paja la mtoto.

Sokoni ni hadithi nyingine. Hakina kapu la chini, maana hapo ndipo magurudumu yanapojificha. Kwa hiyo pale Marikiti nilifanya ambacho kila mama angefanya, nikatundika mfuko wa maembe kwenye mpini. Nikaachia mkono nitoe pesa. Kikaenda nyuma polepole, miguu ya mbele ikainuka, na binti yangu akabaki anatazama dari la Mungu, kafungwa vizuri, anacheka. Maembe yakatawanyika hadi kwenye meza ya viungo. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini mimi magoti yaliisha nguvu. Tangu siku hiyo mzigo nabeba mgongoni.

Kwenye njia za Mji wa Kale kinapita kuliko nilivyotarajia, ni chembamba, na mtikisiko wa matofali ya kabro unamlaza mtoto haraka kuliko wimbo. Feri ya Likoni ndiyo iliyonishinda. Maji yakiwa yametupa, mteremko unakuwa mkali na umelowa, watu nyuma yako wana haraka, na magurudumu ni madogo, yanaingia kwenye kila mfereji na kila pengo. Kijana mmoja alinishika upande wa mbele tukakibeba kama machela. "Mama, hiki ni kiti au baiskeli?" Kwa feri sasa namfunga mtoto mbeleko, kiti kinabaki nyumbani, na mama mkwe kule Likoni ameridhika maana yeye tangu mwanzo alikiita mkokoteni. Tuktuk hali kadhalika. Haina mkanda wa kukifungia, na kiti kisichofungwa hakimlindi mtu, kinachukua nafasi tu. Mpini nao ni mfupi. Mume wangu akikisukuma anaonekana anatafuta pete iliyoanguka.

Ukinipa elfu sabini leo mkononi, kusema kweli sitanunua kipya. Nusu yake ya kiti cha gari ni nzuri sana. Nusu ya kigari inafaa pale chini palipo laini, yaani uwanja wa ndege, stesheni na maduka makubwa ya Nyali. Na muda wake ni mfupi. Kabla hata ya kilo 13, kichwa kikikaribia ukingo wa juu wa kiti kimekwisha. Mwanangu mkubwa hakuwahi kufaidika na chochote, alihitaji kiti chake mwenyewe, akawa analipiza kwa kusukuma kwa nguvu.

Kununua cha mtu, sikatazi, ila kinunue kwa mtu unayemjua. Kiti kilichokuwa ndani ya ajali huwezi kukitambua kwa macho, ufa unaweza kuwa chini ya kitambaa. Vya rundo la mitumba nisingegusa. Kigeuze utafute kibandiko cha rangi ya chungwa chenye E ndani ya duara na maandishi R44/04 au R129 (kanuni za usalama wa viti vya watoto) ikiwa ni cha Ulaya, kisha tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye plastiki. Kisicho na kibandiko mwachie mwenyewe.

Binti yangu sasa ana miezi kumi na mmoja na miguu imeanza kuning'inia. Wifi yangu wa Kisauni siku zake zimekaribia na ameshakiwekea nafasi nyuma ya mlango. Jana alinipigia, hakuuliza mkanda wala magurudumu. "Wifi, ile kofia, ni kweli ulihesabu saba?" Nikamwambia aje achukue na ndoo niliyooshea.