Laina ya bwawa ya mikroni 500: yafaa kwa ngege wa nyuma ya nyumba?

Yafaa. Kwa shimo dogo la kufugia ngege (tilapia) kwenye ploti ya Nairobi, laina, yaani plastiki nzito ya kutandika bwawani ili maji yasivuje, iliyo ya HDPE (aina ya plastiki ngumu) na unene wa mikroni 500, yaani nusu milimita, ndiyo ya kununua. Ya mikroni 300 hutobolewa na kijiwe tu. Ya milimita moja ni imara zaidi, ila ni ngumu na hukataa kukunjika vizuri kwenye pembe.

Jihadhari dukani. Kuna nailoni nyeusi ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya zege, na wapo wanaoiuza kama laina. Jina "geji 1000" lisikutishe: ni mikroni 250 tu, na haikutengenezwa kukaa juani.

Hesabu ni urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha ukingo wa pande zote mbili. Upana vivyo hivyo. Shimo la mita 4 kwa 3 lenye kina cha mita 1.2, ukiacha ukingo wa sentimita 80 kila upande, linataka laina ya mita 8 kwa 7. Wengi hubana pesa kwenye ukingo, kisha laina inateleza ndani maji yakijaa. Agiza kipande kimoja. Kama kina kiungo, pitisha ncha butu ya bisibisi kwenye mshono wote. Ikipenya popote, hata upana wa ukucha, mrudishie muuzaji.

Kabla ya kutandika, ng'oa mizizi, viringisha pembe, kisha mwaga mchanga uliochekechwa, sentimita 5. Jaza maji hadi nusu ndipo ufukie ukingo kwenye mtaro wa sentimita 30. Ukifukia mapema, uzito wa maji huivuta laina hadi ipasuke. Kwenye udongo mweusi, kama wa Embakasi, maji ya masika huingia chini ya laina ikavimba kama puto, kwa hiyo chimba mfereji wa kuyapitisha kando.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache juani siku mbili tatu, ukiyakoroga, kabla ya kutia vifaranga vya samaki.

Muuzaji akikwambia bwawa hilo hubeba samaki 200, muulize pampu ya hewa iko wapi. Bila pampu, weka 3 kwa kila mita ya mraba, yaani 36, madume watupu. Wakichanganyika na majike huzaana na wote hudumaa. Wakizidi, oksijeni hupungua usiku na alfajiri utawakuta wakitweta juu ya maji.

Kuna jambo ambalo laina haitatui: baridi. Ngege hula vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, na Julai ya Nairobi haifiki hapo. Anayekuahidi samaki wa sahani kwa miezi sita anazungumzia Kisumu. Weusi wa laina husaidia kidogo. Nailoni ya kivungulio juu ya matao ya mabomba husaidia zaidi, na pia humzuia mdiria, ndege mla samaki.

Laina iliyolowa huteleza mno. Mtoto akitumbukia hapandi mwenyewe, kwa hiyo zungushia ua na uning'inize kamba yenye mafundo. Ikitoboka, gundi za kawaida hazishiki HDPE. Kiraka huchomelewa kwa joto. Kabla ya kulipa, uliza kama fundi wao hurudi kuziba, na kwa bei gani.