Toyota Wish kwa safari za Moshi–Dar
Kwa sisi wa Moshi tunaoshuka Dar kila likizo, Wish ya injini ya lita 1.8 naikubali sana aisee, siti saba, haili mafuta kama Toyota Noah ya lita 2.0, na spea zake hata mafundi wa huku Majengo wanazijua. Ila tusidanganyane, siti za nyuma kabisa ni za watoto, mtu mzima umkalishe huko mpaka Korogwe magoti yanamfika kidevuni, na ukishazinyanyua buti ndo limekwisha, sasa mkungu wa ndizi unaweka wapi? Afu iko chini, ukiwa umejaza watu matuta ya Same na Mombo pita taratibu. Watu wazima wakizidi watano chukua tu Noah, mlango wa kuslaidi, bibi anapanda bila kushikwa mkono.