Mfuko wa Uwezo kwa vikundi vya Malindi: tathmini, pamoja na pesa nyingine za serikali zilizo kando yake

Vikundi vya Malindi vinavyofanya biashara na kazi ya jamii kwa pamoja ni vingi: kina mama wanaohifadhi na kukaanga samaki, vijana wanaokusanya plastiki ufuoni, wafugaji wa nyuki kwenye mikoko ya Mida iliyo jirani. Pesa za umma wanazoweza kuomba nazo ni za aina kadhaa. Tumezipima zote kwa swali moja: marejesho yanaanza lini, na wakati huo kikundi kitakuwa na pesa? Riba tunaitazama baadaye, kwa sababu mkopo wa riba ndogo unaodaiwa katikati ya kusi unaangusha kikundi haraka kuliko wa riba kubwa unaodaiwa samaki wakiwa wengi.

Kwa kipimo hicho Uwezo ndio unaoongoza, na kwa mbali. Mfuko huu wa serikali kuu ulizinduliwa 2013, kanuni zake zikatoka 2014. Unakopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, kupitia kamati ya eneo bunge. Hautozi riba. Kuna ada ya usimamizi ya 3%, miezi 6 ya neema kabla ya rejesho la kwanza, na miaka 2 ya kulipa.

Hiyo miezi 6 ndiyo yenye thamani hapa pwani. Pesa ikiingia Aprili au Mei, kikundi kinanunua vifaa na kuvifunga wakati bahari imechafuka na mahoteli yamepoa. Neema inaisha Oktoba au Novemba, kaskazi inapoanza, mashua zinatoka na wageni wanarudi. Pesa hiyohiyo ikiingia Novemba, neema inaisha Mei, na rejesho la kwanza linadaiwa kusi ikiwa ndiyo imeshika. Kwa hiyo fomu ipelekwe mapema, miezi kadhaa kabla ya Aprili, maana kamati haifuati kalenda ya wavuvi. Na pesa ikichelewa mpaka Novemba, tengeni marejesho ya Mei hadi Agosti kutoka kwenye mauzo ya kaskazi kabla ya kugawana faida yoyote.

Chukua mkopo wa 300,000. Ada ni 9,000. Someni mkataba kwa makini mahali pamoja: je, miezi 24 inahesabiwa tangu siku pesa ilipotoka, au baada ya neema? Ikiwa neema imo ndani, rejesho ni karibu 16,700 kwa mwezi kwa miezi 18. Ikiwa haimo, ni 12,500. Kwa miezi minne ya kusi, hesabu ya kwanza inataka akiba ya karibu 66,700, hesabu ya pili 50,000. Tofauti hiyo ni mshahara wa mtu wa kukaanga.

Hustler Fund ya vikundi, mfuko mwingine wa mikopo wa serikali kuu uliofunguliwa Juni 2023, inakwenda mbio zaidi. Inaombwa kwa simu kupitia *254#, inaanzia 20,000 hadi milioni 1, kwa riba ya 7% kwa mwaka, na inalipwa ndani ya miezi 6. Mkopo wa 300,000 kwa miezi 6 unazaa riba ya 10,500, yaani zaidi ya ada ya Uwezo kwa miaka 2 mizima. Bado ina mahali pake. Kikundi chenye friza tayari kinachotaka kununua samaki kwa wingi Desemba na kuwauza kabla ya Machi kitaifurahia. Kununulia friza yenyewe ni kosa: kifaa cha miaka mingi hakilipwi kwa pesa ya miezi 6.

Tukiwa kwenye friza, mchanganuo wa biashara unaoandika "friza" peke yake utawaumiza baadaye, hata ukipitishwa. Wekeni na stabilaiza, kwa kuwa umeme hupanda na kushuka, masanduku ya barafu, tokeni za umeme za miezi mitatu ya kwanza, na fungu la matengenezo. Upepo wa bahari una chumvi, nayo inakula koili za nyuma. Friza iwekwe mbali na dirisha la upande wa bahari, koili zifutwe mara kwa mara. Bei ziambatane na hati ya bei ya dukani, siyo makadirio ya mwenyekiti.

Maombi ya Uwezo mara nyingi yanakwama kwenye karatasi, hata wazo likiwa zuri. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kimedumu angalau miezi 6, kiwe kinafanya kazi ndani ya eneo bunge lenyewe, kiwe na akaunti ya benki kwa jina lake, na kiwe na mfumo wa kuchangishana kila mwezi. Hapo kwenye kuchangishana, daftari ndilo linalosema. Michango iliyoandikwa siku moja, kalamu moja, mwaka mzima, inaonekana. Kosa jingine ni kubadilisha mweka hazina bila kubadilisha watia saini benki. Pesa inaingia na haitoki. Kikundi cha vijana nacho kihakikishe hakuna aliyepita miaka 35.

Kosa lililo baya kuliko yote huja baada ya pesa kufika: kugawana. Wanachama 20 wakigawana 300,000, kila mmoja anaondoka na 15,000. Biashara ya kikundi haipo tena, ila deni la kikundi lipo. Kikao cha kuamua kukopa kiandike kwenye muhtasari kwamba pesa haigawanywi, na muuzaji wa vifaa alipwe moja kwa moja kutoka benki.

Mpango wa Dhamana ya Mikopo, ulioanza Desemba 2020 na benki 7, unaeleweka vibaya. Serikali inamdhamini mkopeshaji kwa 25% ya mkopo usiozidi milioni 5. Anayelindwa ni benki. Mkopaji anabaki anadaiwa yote, kwa riba ya benki. Unafaa biashara iliyokwisha kuwa kampuni, yenye taarifa za benki na kodi iliyolipwa.

Na kuna kazi ambazo mkopo wowote hauziwezi. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza 1993 kwa ruzuku: wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wakafundishwa kufuga vipepeo, na pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake, wakauzwa nje ya nchi. Pupa lazima wafike kabla kipepeo hajatoka. Kujifunza hilo kunagharimu mizigo iliyoharibika, na hakuna kikundi kinachoweza kulipa rejesho la mwezi huku kikijifunza. Ruzuku ikabeba hasara za mwanzo, wanunuzi wakaja baadaye. Hapo ndipo tunaona pengo la mifuko yetu: Uwezo na Hustler zote mbili zinadai pesa yake irudi, na hakuna inayouliza msitu au ufuo umefaidika kiasi gani. Kikundi chenye wazo ambalo halijajaribiwa kitafute ruzuku kwanza, kikakope soko likishaonekana.

Mwisho, cheti cha AGPO, kinachowapa makundi maalum nafasi kwenye tenda za serikali. Sheria inatenga 30% ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, na kujisajili ni bure. Lakini malipo ya tenda yanaweza kukawia miezi mingi. Msichukue oda ya kuiuzia taasisi samaki kwa pesa ya Hustler: miezi 6 itaisha kabla hundi haijatoka. Anzeni na oda ambayo akiba ya kikundi yenyewe inaweza kuibeba mpaka ilipwe.