Mashine ya gemu ya sebuleni: naanza na Switch 2, mnisikilize kwanza

"Hii tableti ya mtoto umenunua bei gani?" Mama mkwe aliniuliza hivyo siku ya kwanza alipoiona Nintendo Switch 2 mezani kwangu. Nikamtajia. Akaitazama tena, kisha akanitazama mimi, akaenda zake jikoni.

Simlaumu. Mtaani kwetu mashine ya gemu ni PS, yaani PlayStation ya Sony, basi. Hata Xbox ikiletwa watoto wataiita PS. Ukishika kitu chenye kioo chake na pedi mbili ubavuni, watu wanaona mchezo wa kumtulizia mtoto kwenye basi la Dodoma. Wajuzi nao wanakuja na lao: haina nguvu kama PS5, kwa hiyo umeibiwa. Wote wawili wanaipima kwa mizani isiyo yake.

Mpangilio huu wa mashine nne, kuanzia inayofaa zaidi, nimeufanya kwa nyumba ninayoijua mimi: TV moja, watu wengi, umeme wa kuja na kwenda, bando la kuhesabu. Kama unataka kufungua banda la gemu, nenda moja kwa moja namba mbili.

1. Nintendo Switch 2

Ilitoka tarehe 5 Juni 2025, kwa dola 449.99 huko Marekani. Ikifika huku imeshabeba usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, kwa hiyo jiandae. Kioo chake ni inchi 7.9. Ukiipachika kwenye kitako chake kilichounganishwa na TV kwa waya wa HDMI, picha inahamia kwenye TV. Ukiichomoa, gemu inaendelea mkononi palepale ulipofikia.

Hapo kwenye kuchomoa ndipo penye siri yote. Saa mbili usiku kwangu ni taarifa ya habari, na baada ya hapo tamthilia, na hakuna mtoto wa kupambana na tamthilia. Mwenye PS anazima na kununa. Mwenye Switch anaichomoa, anakwenda kukaa barazani.

Halafu kuna umeme. Jioni moja tulikuwa wanne tunashindana Mario Kart World, gemu ya mbio za magari, sisi pamoja na madereva wa kompyuta, mpwa wangu anaongoza, mara giza. Kwa jirani, kwenye banda, tukasikia lile "aaah!" la watu kumi kwa pamoja. Sisi tuliinyanyua mashine kitakoni, tukaisimamisha kwa mguu wake juu ya stuli, tukasogeza vichwa, mbio zikaendelea. Mpwa wangu alishika nafasi ya kumi na moja, lakini hilo si kosa la umeme. Nintendo wanasema betri inadumu kati ya saa 2 na 6.5, na kwa gemu nzito kama hiyo usitegemee kufika hata nusu ya ile ya juu. Ila kuna tundu la USB-C juu na jingine chini, hivyo pawabenki nzuri inaichaji huku ikiwa imesimama.

La tatu ni pedi. Boksi moja lina pedi mbili, kushoto na kulia. Zichomoe, zilaze kila moja ubavu, tayari una wachezaji wawili bila kununua kitu. Ni ndogo, mtu mzima mwenye vidole kama vyangu atalalamika, lakini watoto hata hawaoni tofauti. Nunua PS mpya uone: pedi ya pili unailipia peke yake.

Na hii niseme kwa wenzangu tuliokua miaka ya 90. Mnazikumbuka zile TV game za kaseti za njano, unapuliza vumbi kwanza ndiyo iwake? Nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Yule jamaa wa sharubu anayeruka juu ya uyoga ni wao. Kwa hiyo tunaosema Nintendo hatuijui ndio tuliolelewa nayo.

Sasa mitego, maana ipo, na mingine ni ya pesa nyingi.

Kuna Switch 2 ya soko la Japani, iliyotoka 2025 kwa yen 49,980, nafuu kuliko ya Marekani. Hiyo inaongea Kijapani tu, na inakubali akaunti za Japani tu. Muuzaji akikutajia bei inayokufanya utabasamu, mwambie aiwashe, afungue mpangilio wa lugha mbele yako.

Kadi za gemu nazo zina ujanja. Ukiona mchoro wa ufunguo kwenye ukanda mweupe chini ya kava, ndani ya kadi hiyo hakuna gemu. Ni ruhusa tu, gemu yenyewe utaipakua kwa bando lako, na kadi bado lazima iwe imechomekwa ndipo ucheze. Mimi huchagua kadi zilizobeba gemu kamili, kwa sababu naweza kuziuza au kubadilishana, na zenyewe hazichubuki kama diski.

Nafasi ya ndani ni GB 256. Ikijaa, gemu zinataka kadi ya kumbukumbu ya aina ya microSD Express. Ile microSD ya kwenye simu yako haitakubali kuhifadhi gemu. Na gemu za Nintendo wenyewe hazishuki bei. Mario Kart World ilianza na dola 79.99, na ukisubiri ipungue utazeeka ukisubiri.

Hela isipofika, tafuta Switch ya kwanza, ile ya 2017, ya mtumba. Kadi zake nyingi zitacheza kwenye Switch 2 siku utakayojaliwa. Kabla ya kulipa zungusha vijiti vya pedi: mhusika wa gemu akitembea peke yake hujamgusa, kijiti kimechoka. Ingia na mtandaoni pia, maana Nintendo hufungia mashine zilizokamatwa na gemu za wizi, na kufungiwa huko kunaifuata mashine kwa mmiliki mpya.

2. PS4 Slim ya mtumba

Ya mwaka 2016 lakini bado ina maisha. Gemu ya mpira ya EA Sports FC 26 imetoka kwenye PS4, na kwa wengi wetu mjadala unaishia hapo: mpira upo, diski zipo, fundi yupo. Diski ngumu yake ni ya inchi 2.5 na unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Banda lolote ukilitembelea utaelewa.

Umeme ukikatika katikati ya mechi, ikirudi itakukemea kwamba uliizima vibaya, kisha inaanza kukagua hifadhi yake huku mmekaa mnaitazama. Ikague na wewe kabla ya kununua: weka diski, cheza nusu saa nzima, sikiliza feni. Ikinguruma kama inataka kupaa, ndani kuna vumbi la miaka.

3. Xbox Series S

Nayo imeonewa sana. Ilipotoka Novemba 2020 kwa dola 299 watu waliipima kwa Series X, kaka yake mwenye nguvu zaidi, wakaiita dhaifu. Kwa TV zetu za inchi 32 sitegemei mtu aone upungufu huo kutoka kwenye kochi. Ni ndogo, inaingia kwenye begi la shule, na umeme inaokula ni mdogo kuliko wa PS5, jambo ambalo luku italithibitisha.

Tatizo ni moja na ni kubwa: haina sehemu ya diski. Kila gemu inapakuliwa, makumi ya GB, na hifadhi ya toleo la kwanza ni GB 512 ambazo mfumo wenyewe unakula sehemu. Nyumba yenye intaneti ya mwezi mzima bila kikomo, ipandishe mpaka namba mbili. Nyumba ya bando, hapana. Tena bei imepanda: Oktoba 2025 ilifika dola 399.99 Marekani, na kwa bei hiyo ule unafuu uliokuwa sifa yake umepungua sana.

4. PS5

Mashine nzuri, hakuna ubishi. Gemu ya GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, kwa hiyo anayeisubiri hiyo hana haja ya ushauri wangu. Lakini Agosti 2025 yenye diski ilifika dola 549.99 huko Marekani, bado hujaongeza pedi ya pili, gemu, na kifaa cha kulinda umeme. Kwa sebule yenye foleni ya TV, utakuwa umelipa zaidi ili ucheze kidogo.

Usinunue kabisa

Vile vijiti vya HDMI vinavyouzwa na pedi mbili na tangazo la gemu elfu kumi. Nilimnunulia mpwa wangu kimoja. Gemu ileile ilijirudia kwa majina tofauti, na pedi moja ilikufa kabla ya mwezi kuisha.

Mwisho, kwa atakayenunua Switch 2: kioo chake kinatoka kiwandani na karatasi laini ya plastiki iliyobandikwa juu. Inafanana kabisa na ile tunayobandua kwenye simu mpya. Usiibandue, ipo kuzuia vipande visiruke kioo kikipasuka. Kama unataka ya kukinga mikwaruzo, bandika nyingine juu yake. Waambie na wa nyumbani mapema. Mimi nilimkuta mama mkwe ameshaanza pembeni kwa ukucha.